Wali Uliosingiziwa

Wanangu mliovaa sare za uuguzi juzi, mkuu wenu alinitaka nije nizungumze nanyi, halafu akabadilisha mawazo akasema niandike. Nadhani alikumbuka kuwa mara ya mwisho nilipopewa dakika chache watu walikosa chakula cha mchana. Basi nimeandika. Nimestaafu wodi ya upasuaji na chumba cha kamera, nakaa Mpendae na kuku wangu, na mpaka leo nikiona mtu anasukuma kila tonge kwa maji namtazama shingo badala ya kula changu. Hiyo ndiyo pensheni ambayo hawakuiandika kwenye barua.

Kazi yangu ilikuwa njia ya chakula: koo, umio, tumbo. Umio, kwa wale waliosinzia siku ile, ni mrija unaotoka kooni kwenda tumboni. Saratani ikiota humo haina haraka ya kuuma. Inaziba tu. Kwanza inakwama nyama, kisha wali, kisha mkate uliochovywa chai, kisha uji, mwisho mtu anatema mate yake mwenyewe. Vitabu vyenu vinasema mgonjwa huja hospitali anapopata shida ya kumeza. Aliyeandika hivyo hajakaa Unguja. Hapa mtu akipata shida ya kumeza hubadilisha chakula, halafu humlaumu mpishi, halafu hunywa kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, halafu huuliza ni nani aliyemhusudu. Sisi na kamera yetu tunafikiwa mwisho, na tukimaliza kupima tunaulizwa kwa nini tumechelewa.

Mimi sina ugomvi na kombe. Nilikuwa nawaambia wagonjwa walinywe kisha wanieleze limepita vipi, maana hicho nacho ni kipimo.

Mtu aliyenifundisha mengi kuhusu umio hakuwa daktari. Alikuwa Bwana Nassor, mwenye duka la vifaa vya umeme Mchangani. Mtu wa mjini hasa, wazee wake walitoka Oman. Mashamba yao yalikwisha zamani, yakabaki majina marefu na mapenzi ya chakula kizuri. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa mpishi wa kuitwa kusimamia masufuria ya harusi za watu. Siku moja wali wa Bi Zuwena ukamkwama mumewe kifuani. Akanywa maji, ukateremka. Baada ya siku kadhaa ukakwama tena. Bwana Nassor hakulishuku koo lake, kwa sababu koo lake alikuwa nalo tangu kuzaliwa na halijawahi kumfanyia utovu wa adabu. Alimshuku mke.

Angelisema nyumbani yakaishia huko, ningekuwa sina cha kuandika. Alikwenda kulisema barazani, baada ya laasiri, mbele ya wacheza dhumna. Ndugu yangu wa kiume ana kiti chake cha kudumu pale, na yote yaliyosemwa barazani ninayowaeleza ni kutoka kwake.

"Jamani," alisema Bwana Nassor, akijigusa kifua, "wali wa Bi Zuwena siku hizi changarawe. Unasimama hapa, hauendi mbele wala haurudi nyuma."

Watu wakacheka, na mambo ya barazani mnayajua. Neno likatoka hapo likaingia mtaani. Mtihani wa hesabu ukawa wali wa Bi Zuwena. Parafujo iliyoshika kutu, wali wa Bi Zuwena. Mama wa watu akienda dukani kununua mchele, muuzaji anamuuliza kama ampimie na nyundo. Yeye alizidisha maji, akazidisha tui, akaacha wali akapika bokoboko la ngano na nyama lililopondwa mpaka likawa kama malai. Vyote vilisimama palepale. Mwisho Bwana Nassor akamwandikia talaka moja na kumrudisha kwa kaka yake, na baraza zima likaona mtu kajitahidi kuvumilia.

Akaoa Bwejuu, mjane kijana aitwaye Bi Mosi, mkulima wa mwani. Bi Mosi hakuwa mpishi wa harusi ya mtu yeyote. Alipika alichokijua: uji mwepesi, borohowa ya choroko zilizopondwa, mchuzi wa samaki wa kunywa. Na vyote vikapita! Bwana Nassor akarudi barazani kifua mbele. Hakuna aliyemkumbusha kuwa hata bomba lililoziba hupitisha maji kwa muda. Alipoanza kukonda wakasema ni ndoa changa. Suruali ilipoanza kumvuka wakampa hongera.

Halafu uji nao ukagoma, na hapo ndipo nilipokutana nao. Bi Mosi ndiye aliyemleta, amemshika mkono juu ya kiwiko kama mtu anayemfikisha mwizi kituoni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Kuna habari gani?"

"Huyu mume wangu hamezi. Nshampikia kila kitu. Na kabla yangu alikuwa na mke anayepika kunishinda mie mara mia, na kwake alikuwa hamezi vilevile. Sasa Sista, wapishi wawili, koo moja. Nani mwenye makosa hapo?"

"Gesi tu hii," alisema Bwana Nassor, akatema mate kwenye leso.

Hapa nisimame nikuambieni jambo la kazi. Mgonjwa akikwambia "gesi tu", usimbishie na usimwamini. Muulize alikula nini mwaka jana ambacho leo hali. Muulize mkanda wa suruali umeongezwa matundu mangapi. Watu husahau maumivu yao lakini hawasahau biriani waliyoiacha.

Daktari Khatib, mpasuaji wetu, aliingiza kamera, nami nilishika kichwa cha mgonjwa. Sehemu ya chini ya umio kulikuwa na nyama imeota, imebakisha kijitundu. Tulikata kipande kidogo kupeleka maabara, lakini kwa nyama kama ile maabara ilikuwa inakwenda kutuandikia tu tulichokiona. Nje ya mlango alinisubiri kaka yake mgonjwa, Bwana Hilal, akanivuta pembeni.

"Sista, asiambiwe. Semeni vidonda vya tumbo."

Mtaambiwa hivyo kila wiki, wanangu. Sisi huku jina la maradhi hayo tunalikwepa kama mdai. Wengine hulisema kwa kunong'ona, wengine husema "yale maradhi". Ukiambiwa asiambiwe, usihubiri mlangoni. Mkalishe ndugu, mpe maji, muulize taratibu: tunataka kumpasua kifua na tumbo, je, nani atatia saini, wewe au yeye? Na akituuliza kwa nini vidonda vya tumbo vinapasuliwa kifua, utamjibu wewe? Wengi hapo hutazama viatu vyao. Bwana Hilal alivitazama sana.

Daktari Khatib alimwambia mgonjwa mwenyewe, kwa jina lake, saratani, akiwa amekaa kitandani kwake na si amesimama mlangoni. Nilitegemea Bwana Nassor ataulizia kufa, maana wengi ndilo swali lao la kwanza. Yeye aliuliza, "Imeanza lini?"

"Miezi mingi," alisema daktari. "Tonge la kwanza lililokukwama, ilikuwa imo tayari."

Bwana Nassor aligeuza uso ukutani, na sisi tukatoka. Bi Mosi alibaki amesimama, mkono mdomoni. Kumbe naye alikuwa amepiga hesabu ileile: kwamba ndoa yake ilifungwa na uvimbe.

Picha zilionyesha maradhi hayajasambaa. Hiyo ni bahati, na ni ya wachache wanaofika kwetu. Nilipoanza kazi hatukuwa na picha za namna ile. Tulifungua, tukatazama, tukafunga, na jamaa wakaambiwa "tumemsafisha". Neno hilo liliwafurahisha sana na halikuwa na maana yoyote. Siku hizi mnatazama kwanza, mnakata baadaye, na mkiona haifai kukatwa mnamwekea kibomba cha kushikilia njia wazi ili ale uji wake kwa heshima. Hayo si kushindwa. Nimewaona watu wakilia kwa kumeza kikombe cha chai.

Lakini Bwana Nassor alikuwa amekonda mno. "Sipasui mifupa mimi," alisema Daktari Khatib. "Atapata dawa za dripu kwanza ili uvimbe unywee, na muda huo anenepe. Asiponenepa, sitampeleka chumba cha upasuaji." Akamtoboa tumbo akampitishia mpira mwembamba hadi kwenye utumbo, ili chakula kipite huko bila kuonana na koo. Chakula cha mpira kina masharti: kiwe chepesi, kichujwe kwa kitambaa safi, kiwe vuguvugu, kiingizwe polepole mgonjwa akiwa amekaa, na mpira usafishwe kwa maji kabla na baada. Ukiharakisha anaharisha. Ukipitisha chenga, mpira unaziba. Ulimzibia Bi Mosi mara mbili na akaanza kuuogopa.

Akafanya jambo ambalo wasomi wa saikolojia wangelijadili kwa semina nzima. Alivaa buibui lake akenda kwa kaka yake Bi Zuwena, akamwamkia mke aliyeachwa kabla yake, akamwomba msaada.

Bi Zuwena alikuja wodini siku ya pili, na chupa ya chai mkononi iliyojaa supu ya kunde iliyochujwa mpaka inang'ara. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifanya wamelala. Alisimama miguuni mwa kitanda.

"Nimekuja kwa ajili ya Mosi, si kwa ajili yako," alimwambia Bwana Nassor. "Nitapika mpaka unenepe. Na kwa kuwa hutoonja, hutokuwa na la kusema."

Nilijifanya natafuta kipimajoto.

"Lakini wali wangu uliusema barazani," aliendelea. "Mie hata msikitini kwenye darsa wananicheka. Mungu akikuponyesha, ukausemee palepale."

"Inshallah," alisema Bwana Nassor.

Nikaitambua inshallah hiyo. Ni ile ya fundi seremala ukimuuliza kabati litakwisha lini.

Alinenepa. Wanawake wale wawili waligawana kazi: mmoja jikoni, mmoja kitandani, na mimi katikati nikikagua vitambaa vya kuchujia. Siku ya upasuaji alivuka bingwa mmoja kutoka Dar kumsaidia Daktari Khatib. Walitoa kipande kikubwa cha umio, wakalivuta tumbo juu wakalishona na umio uliobaki. Yaani tumbo linahamia kifuani, kama mpangaji aliyepandishwa ghorofa ya juu, na halifurahii mwanzoni.

Kitu cha kuogopa baada ya hapo ni mshono kuvuja. Mwalimu wangu, Bi Hidaya, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia: "Mshono ukivuja, wa kwanza kujua ni moyo, wa pili ni uso wa mgonjwa, wa tatu ni homa, na wa mwisho ni daktari." Maana yake mshike mgonjwa mkono muhesabu mapigo wenyewe, msingojee mashine ilie. Mapigo yakipanda bila sababu, semeni, hata kama daktari anakula. Hasa kama anakula.

Zamani mgonjwa wa namna hii alilazwa chali kama sultani mpaka mapafu yakajaa makohozi akafa kwa nimonia, mshono ukiwa mzima. Siku hizi anasimamishwa mapema. Bwana Nassor tulimtembeza kesho yake, mipira inaning'inia, huku Bwana Hilal akitulaani kwa upole kwamba tunamtesa maiti. Maiti akafika mpaka dirishani akaomba kurudi kwa miguu yake.

Adui wa mwisho ni jamaa wenye mapenzi. Mtu aliyehamishwa tumbo hula kidogo na mara nyingi, hukaa wima baada ya kula, hulala kwa mito mirefu, wala hanywi maji mengi pamoja na chakula. Nendeni mkalieleze hilo kwa shangazi aliyetoka shamba na kikapu. Nimeshawahi kutoa mandazi ndani ya mtandio, na kuku mzima ndani ya mkoba wa msahafu. Kwa Bwana Nassor ilikuwa halua. Shangazi mmoja alimlisha kwa kijiko akisema apate nguvu. Punde jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, akataka kuzimia, na shangazi akaanza kusoma Ayatul Kursiyu akiamini kapandwa na shetani. Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia shetani mwenyewe anaitwa sukari, huteremka haraka mno kwenye utumbo siku hizi kwa kuwa tumbo la kumzuia halipo tena mahali pake, na atakuja kila akiitwa kwa halua.

Akatoka hospitali. Akarudi dukani, kisha akarudi barazani na kibakuli chake kidogo, anakula vijiko vichache kila baada ya muda. Walipomuuliza alisema, "Vidonda vya tumbo. Wamevikata."

Nilimkasirikia. Alipokuja kupimwa, nikamuuliza, "Bwana Nassor, ile ahadi?"

"Sista, nikilitaja jina hilo mie nshakufa. Watu watakuja kunitazama kama jeneza. Na tuna mabinti wa kuozesha katika ukoo. Nani ataoa kwetu?"

"Na Bi Zuwena?"

Akafunga vifungo vya shati, akaaga. Na Bi Zuwena aliendelea kumpelekea borohowa kwa mkono wa Bi Mosi bila kuuliza chochote, jambo lililoniudhi zaidi kuliko angepiga kelele.

Kilichotokea kilitokea kwa kashata. Alasiri moja muuza kahawa alipitisha sahani barazani, mzee mmoja akauma kashata, akashika shavu.

"Lo! Kashata hii leo wali wa Bi Zuwena!"

Wakacheka, kama walivyokuwa wakicheka muda wote huo, hata hawakumbuki tena kama kuna mwanamke mwenye jina hilo. Bwana Nassor akaweka kibakuli chini.

"Neno hilo liacheni leo," alisema. "Wali ule ulikuwa mlaini. Mie nilikuwa na saratani."

Ndugu yangu anasema kete za dhumna zilibaki mikononi mwa watu.

"Si vidonda. Saratani ya umio. Nimepasuliwa, tumbo langu liko hapa, kifuani, mkitaka nifungue shati muone. Nimemwacha mke wangu kwa makosa ya koo langu, nikamtia aibu mbele yenu, na yeye ndiye aliyenipikia nikapata nguvu za kupasuliwa. Na yeyote kati yenu ambaye chakula kinamsimama hapa, asimtazame mkewe. Aende hospitali akatazamwe yeye."

"Astaghfirullahi," alisema yule mzee wa kashata, na hakuna aliyejua anaomba msamaha kwa lipi.

Habari ilimfikia Bi Zuwena kabla ya magharibi. Bwana Nassor alituma watu kumposa upya, kwa ridhaa ya Bi Mosi. Mimi nilikuwako, nilikwenda kumpa mkono. Alikuwa analia na kucheka, anajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mwambieni nimesikia na nimeridhika," aliwajibu. "Roho yangu nyeupe. Lakini kuolewa, hapana. Nshazoea kulala katikati ya kitanda."

Sitawadanganya, wanangu. Bwana Nassor aliishi miaka kadhaa mizuri, kisha maradhi yakarudi, safari hii kwenye ini, na hapakuwa na cha kukata. Maradhi haya hushinda mara nyingi kuliko tunavyokiri kwenye hotuba. Alifia Bwejuu, kwa Bi Mosi, na mpaka karibu na mwisho alikuwa anakula kwa mdomo wake, na hilo nalo mlihesabu mnapoulizwa upasuaji ulifaa nini. Chakula cha hitima alipika Bi Zuwena. Watu walikula kwa adabu kubwa, na waliokuwa wakicheka zamani ndio walioomba waongezwe.

Lakini nilichotaka kuwaambia kilianza kabla hajafa. Baada ya maneno yale ya barazani, chumba chetu cha kamera kilianza kupata watu ambao hatujawahi kuwaona: wanaume wanono. Wameletwa na wake zao, wamenuna, wanaapa ni gesi. Maneno yale yalipofika kaskazini na kusini ya kisiwa yakawa mengine. Mwanamke aliyesikia mumewe anasema "mchuzi huu mzito" alikuwa anashika buibui. Wengi walikuwa wazima. Wachache hawakuwa wazima, lakini walikuja mapema, wakati kuna cha kufanya. Mpishi mmoja wa hoteli Kendwa tulimkata uvimbe ungali mdogo, na mpaka nilipostaafu alikuwa bado anapika.

Katika wiki zangu za mwisho kazini alikuja mwanamke mmoja na mumewe, fundi mwashi, mtu wa miraba minne. Mwanamke alikuwa hajalala, macho mekundu.

"Sista, mume wangu chapati zangu zinamkwama. Ananiambia kila siku. Nimemleta kabla hajaniacha, na kabla hajafa."

Tukampulizia dawa ya ganzi kooni, Daktari Khatib akaingiza kamera, akatazama taratibu juu mpaka chini, akarudi tena. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, midomo inacheza kwa dua.

"Umio safi," alisema daktari. "Tumbo safi. Hana kitu."

"Hana kitu kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa chapati zinamkwama kwa nini?"

Daktari Khatib, aliyeweza kumwambia mtu saratani usoni, alianza kupangusa miwani. Mume ndiye aliyejibu kutoka kitandani, ulimi mzito kwa ganzi: "Si nilikwambia? Ngumu."

Yule mwanamke akaachia fremu ya mlango, akakaa sakafuni palepale, akanyanyua mikono miwili juu.

"Alhamdulillahi," alisema, machozi yakimtiririka, "kumbe mie sijui kupika!"